Barua Niliyosema Haikufika

S.L.P. 14,
Nshamba, Muleba.
19 Septemba 1993

Mpendwa mdogo wangu Kokuberwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, ambako mvua zimeanza mapema na matope yamefika mlangoni. Hujambo huko Uswidi? Kile kifua kinachokusumbua kila baridi ikianza kimetulia? Unakula vizuri, au bado ni viazi mchana na viazi jioni? Sisi tu wazima, isipokuwa meno yangu, ambayo yameanza kuniaga moja moja bila hata kupeana mkono.

Dada Georgina yuko Ijuganyondo, anafuga kuku na kugombana na majirani kwa ajili ya kuku haohao. Picha yako ameipata. Anasema umekonda, mimi nasema koti ndilo kubwa.

Sasa Koku, kaa chini. Nimezunguka kwenye kuku na meno kwa sababu ninaogopa.

Barua yako ya Machi 1991 ilifika. Nilikuandikia kwamba haikufika, ukalaumu posta za nchi mbili. Posta hazina kosa. Ilifika siku nne kabla ukoo haujakaa, niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama kwenye mibuni, na mpaka leo ninayo ndani ya kitabu cha sala.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Kaka yetu Karugendo, aliyerudi salama kutoka vitani mwaka 1979 na kutusimulia vita hivyo mpaka tukachoka, alikuwa amekwisha kuchukuliwa na ugonjwa huu. Mkewe Celina akamfuata baada ya miezi mitano. Akabaki mtoto wao Rutashobya, wa miezi kumi, na karatasi ya hospitali iliyosema damu yake imeonyesha ugonjwa. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilipewa mimi niisome, maana mwalimu ndiye macho ya ukoo.

Nawe, kwa kujibu habari hizo nilizokupa, uliandika kwamba kipimo kile hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, silaha ambazo mwili hujitengenezea dhidi yake. Ukanichorea moja, ukasema niifikirie kama ule mti wa panda tunaoegemezea mgomba uliolemewa na mkungu. Shina la panda hiyo, uliandika, ni sehemu ya uzi wa protini mnaouita mnyororo mzito, na ipo jeni ya binadamu inayobeba maelekezo ya kuitengeneza. Jeni hiyo ndiyo inayokukondesha huko maabara. Kwa shina hilo kingamwili za mama hupokelewa kwenye kondo la nyuma na kuvushwa kwa mtoto. Basi kila mtoto wa mama mgonjwa huzaliwa nazo, awe ameambukizwa au hajaambukizwa. "Huenda Rutashobya ameegemezwa tu na miti ya mama yake," uliandika. "Msimhukumu. Mpimeni tena akipita mwaka mmoja na nusu."

Nilielewa, Koku. Ningekuwa sikuelewa, leo ningelala.

Siku ya kuanua matanga ya Celina mzee Rugaibula aliuliza mbele ya wote ni nani atakalia kiti cha Karugendo. Unajua kwetu omusika, mrithi wa kiti, ni mwana wa marehemu, hata kama bado ananyonya. Ukoo humtunzia kibanja, nyumba na shamba lake la migomba, mpaka akue. Nikasimama, nikafungua karatasi ya hospitali, nikasoma: "Mtoto ana ugonjwa." Barua yako ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Hakuna aliyetaka kumkalisha kitini mtoto anayengojewa kuzikwa, wakanikalisha mimi. Bibi yake, mama Getruda aliyemzaa Celina, akamfunga mgongoni akaenda naye kwao Kimwani. Hakuna mtu wa upande wetu aliyewasindikiza, hata mpaka barabarani.

Nilijiambia kwamba mtoto atakufa tu, na kwamba wataalamu wa Ulaya hawajayaona makaburi ya Kagera. Ukweli ni kwamba sehemu yangu ilikuwa ile ya mawe kule juu, ambako hata muhogo unasikitika, nami nilikitaka kibanja cha baba. Nilikitaka hata Karugendo alipokuwa hai. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa saba mwaka huu mama Getruda alikuja, na mtoto wa miaka mitatu akimtangulia kwa mbio. Alikuwa amempeleka mwenyewe akapimwe tena, kwa sababu tu mtoto alikataa kuugua. Hajui kusoma, na hakutaka habari kama ile aambiwe na wageni, kwa hiyo aliomba majibu yaandikwe, akaileta bahasha kwangu bila kuifungua. "Mwalimu waitu, wewe ndiye uliyesoma ile ya kwanza. Nisomee na hii."

Mtoto hana ugonjwa. Nilipolisema hilo, Getruda alipiga magoti palepale vumbini, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru mimi. Mtoto nilimpa ndizi mbivu. Bibi akamkumbusha adabu, naye akaniambia, "Kasinge waitu, mwenye kibanja." Alinishukuru kwa ndizi yake mwenyewe! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema; yangu ilikuwa na urefu wa miaka miwili na miezi minne. Jumapili ya kwanza ya Agosti, baada ya misa, niliwakusanya wazee nikawasomea barua yako mstari kwa mstari. Rugaibula aliuliza swali moja tu: "Ilifika lini?" Nikataja siku. Akasema, "Ildefons, sisi tulikupa macho yetu." Viboko vyote vya baba havikuwahi kuniuma hivyo.

Kibanja kimerudi kwa Rutashobya. Getruda amehamia huko kumlea. Mimi nimerudi kwenye mawe yangu, na kila siku baada ya vipindi ninashuka kuwasaidia. Mtoto ananiita baba mdogo.

Lakini kuna moja ambalo wazee sikuwaambia. Unakumbuka mtoto alipozaliwa, Karugendo alizika kondo lake chini ya mgomba, kama tulivyozikiwa sisi sote, na mgomba huo ukawa wake. Mwaka jana niliung'oa pamoja na machipukizi yake, nipanue uwanja wa kuanikia kahawa. Juzi Getruda akamsimulia mtoto habari hizo, naye akaja mbio: "Baba mdogo, mgomba wangu ni upi?"

Nikamwonyesha mwingine. Una mkungu mkubwa na ulikuwa umeanza kuinama, akaniomba tuuegemeze. Nilikata mti wa panda, yeye akashika chini, mimi juu. Sasa kila asubuhi anakwenda kuangalia kama bado umesimama. Getruda anataka mkungu huo ukikomaa upikwe, ukoo wote uje ule, kumkaribisha mwana nyumbani. Mimi nimepangiwa kuketi karibu na Rugaibula.

Wasalimie wenzako wa maabara. Georgina, mama Getruda na mzee Rugaibula wanakusalimu, na Rutashobya anauliza kama Uswidi kuna migomba. Mungu akutunze katika baridi hiyo na akurudishe kwetu ukiwa na kifua kizima.

Niambie nifanye nini, Koku, kabla mkungu haujakomaa. Safari hii barua yako ikifika, nitasema imefika.

Kaka yako akupendaye, ingawa sasa unamjua,
Ildefons