Mizizi Isiyo na Majani

Mjukuu wangu Koku,

Sote hapa Kagondo tunakusalimu. Babu yako amepona kikohozi, na panzi wa senene wameanza kuanguka.

Umeniuliza kama niliwahi kuogopa kazi kama unavyoogopa maabara. Nikiwa karani mpya katika duka la dawa za asili mjini Bukoba, tuliletewa mizizi mikavu ya kivumbasi kutoka Muleba. Jani ningelijua kwa harufu, lakini majani hayakuwepo, na baadhi ya mizizi ilikuwa myeusi kidogo. Boti ya kisiwa cha Goziba ilisubiri dawa ya wavuvi. Nikamwomba bosi tuichunguze kwanza.

"Karani, unaogopa hata mizizi?"

"Namhofia atakayeinywa, mzee."

Niling'oa kivumbasi cha uani, nikakata mzizi wake na ule mweusi kwa wembe ili niilinganishe kwenye hadubini ya dukani. Kwa woga nilikata nene mno, kipande cha kwanza kikaharibika. Nikakata kingine. Mishipa ya maji ilijipanga tofauti kabisa; ule mweusi haukuwa kivumbasi. Bosi alichungulia, kisha akamwambia nahodha, "Nenda, dawa hamna."

Hofu haikuniacha siku ile, Koku. Nilikata nayo. Kipande chako kikiharibika, kata kingine.

Bibi yako anayekuwaza