Mvua Tuliyoiona kwa Mbali

Kamwene! Nakusalimu, mjukuu wangu Tumaini. Sisi wazima, mama yako amemaliza kupanda viazi, na babu yako bado anagombana na goti lake.

Umeniuliza mbona huko Dodoma unaikumbuka baridi ya Njombe uliyokuwa ukiichukia. Enzi za Mwingereza, nikiwa msichana, mimi na dada yangu Leah tulimtembelea shangazi aliyekaa Wanging'ombe, kule chini kwenye joto, tukaamua kupanda mlima mkavu nyuma ya nyumba yake. Tulibeba blanketi, maana kwetu mlimani ni baridi.

"Na maji je?" shangazi akauliza.

Leah akacheka. "Shangazi, kuna mlima usio na kijito?"

Mlima wa namna hiyo ulikuwepo, ndio huo, na ya njiani niyaache. Kileleni tulijifunika blanketi kukinga jua, midomo imekauka. Leah akanyoosha kidole upande wa kwetu. Wingu jeusi lilikuwa limeikalia milima yote.

"Ile ndiyo mvua tuliyoikimbia?" akauliza polepole.

Wiki nzima kabla ya safari tulikuwa tumeinung'unikia kwa kutuzuia kukausha nguo. Hatukuwahi kuiona tukiwa nje yake.

Ninapokuandikia inanyesha, na nguo zangu ziko kambani. Nimeziacha.

Bibi yako