Mzekala, Mlima Mkhara Bado Tunaupanda

Mwaka umetimia, Mama, tangu mlima Mkhara ukuangushie theluji yake. Wako watu hapa kijijini Lakhvari waliodhani leo tungeandika kwamba mlima umetushinda na tumekubali. Watatusamehe. Hatujakubali kitu.

Tunakuandikia kwenye meza uliyokuwa ukilazia skii zako, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, kuzipaka nta, huku Bibi Maro akilalamika kwamba mkate wake wa nyama unanuka mishumaa.

"Mwanamke wewe, meza ni ya chakula!"

"Ndiyo, mama," ulikuwa ukimjibu mkweo bila kuinua kichwa. "Nikimaliza nitakusogezea sahani."

Ulijua kuteleza kabla hujajua kusoma. Baba yako alikuchongea mbao mbili kwa mkono wake, akazikunja ncha kwa mvuke wa sufuria, nawe ukazivaa mpaka zikapasuka. Ulipokuwa mwalimu wa michezo uliona ajabu kwamba wavulana wanapelekwa mlimani na wasichana wanabaki kuota moto. Ukaanza kuwapeleka. Uliwafundisha kupanda wakiwa wamebandika ngozi chini ya skii ili zisiteleze kurudi nyuma, kuisikiliza theluji, na kumtafuta aliyefukiwa kwa ile redio ndogo ya kifuani inayonasa ishara ya redio ya mwenzake. Wazazi wakanung'unika. Ukawaambia wanung'unike kwa sauti ili wasichana wasikie wanachokishinda.

Dukani, Goderdzi Barliani, aliyekuwa akiongoza wageni mlimani, aliwachekesha wenzake: "Huyu akivunjika mguu, nani atampikia mumewe?" Hakujua uko nyuma yake na mfuko wa sukari mkononi.

"Mume wangu anajua kupika," ulimwambia. "Wewe je, unajua kushuka Mkhara kwa upande wa kaskazini?"

Kesho yake ulishuka upande huo peke yako, na alama yako ikabaki juu ya theluji, imepindapinda kama uzi, inaonekana mpaka mlangoni pa duka. Watu waliitazama mpaka theluji mpya ilipoifunika.

Hayo ndiyo mambo yako ya hadharani. Ya nyumbani tunayajua sisi. Uliimba ukipanda, na hukuwahi kupatia sauti ya wimbo hata mmoja. Ulikata jibini ukampa mwenzako kipande kikubwa, kisha ukasema umeshiba. Hukumpita mbwa bila kumsalimu. Soksi zako zilining'inia juu ya jiko kama samaki. Na tulipofika chini ya mteremko mzuri, macho yako yalilowa, ukasingizia upepo hata siku ambazo upepo haukuwepo.

Kila mtu hapa anajua mambo yetu na ukoo wa Barliani. Mababu waligombea malisho, damu ikamwagika pande zote mbili, na tangu hapo mtu wa Gulbani, ukoo wetu, akikutana na Barliani njiani, mmoja hugeuza uso. Wewe uliolewa katika ukoo wa Gulbani na ukaukuta ugomvi huo kama mtu anavyokuta sanduku zito chumbani. Hukulihamisha. Ulikuwa ukilizunguka tu.

Mpaka siku ile ya Februari. Theluji ilikuwa imeanguka siku kadhaa, kisha jua likatoka. Ulikuwa ukimkata Bibi nywele jikoni wageni wawili kutoka mji mkuu, Tbilisi, walipoingia uani wakipiga kelele: theluji ya mteremko imekatika na kuporomoka, kiongozi wao amefukiwa. Kiongozi wao alikuwa Goderdzi.

Uliweka mkasi chini. Bibi akakushika mkono.

"Huyo ni Barliani. Barliani wamchimbue wao."

"Akitoka nitamuuliza jina lake, mama. Sasa nipishe."

Mimi, Eteri, binti yako wa kwanza, nilikufuata, na mdogo wangu Tsira, na wasichana wa kikosi chako cha uokoaji. Redio zetu zikatupeleka mahali alipo. Tulichimba kwa mabeleshi mpaka tukaona glavu, kisha uso wake, wa buluu. Ulimtoa theluji mdomoni kwa kidole. Akakohoa, akafungua macho.

"Wewe?" akasema.

"Mimi. Nyamaza, vuta pumzi. Utanichukia baadaye."

Tukacheka, Mama. Tulicheka pale pale, kwa sababu yu hai. Uliwatuma wasichana watangulie na machela, wakashuka na Goderdzi hadi nyuma ya miamba. Tulikuwa tumebaki mimi na wewe, tunakusanya mabeleshi, niliposikia mlio juu yetu kama mlango mzito unaofungwa. Ulinisukuma kuelekea mwambani kwa mikono yako yote miwili. Nilianguka, nikageuka. Mahali uliposimama palikuwa peupe tu.

Goderdzi aliteremka kwenye machela akiwa na bega lililovunjika, akapanda tena, akachimba pamoja nasi kwa mkono mmoja. Yeye ndiye aliyekugusa wa kwanza. Tulikuwa tumechelewa.

Tunaandika haya ili wote wajue, kwa sababu yalisemwa mengine. Ilisemwa kwamba ulikwenda kujionyesha. Ilisemwa mlima hauwataki wanawake na kwamba umetoa onyo. Ilisemwa, na hili liliuma zaidi, kwamba ulitoa roho ya Gulbani kununua roho ya Barliani, na hiyo ni hasara.

Siku ya mazishi, Baba mkubwa Jokia alisimama getini kwetu amefunga mikono kifuani. Barliani walikuwa wanakuja barabarani, wanaume na wanawake, wamevaa nyeusi, na Goderdzi mbele yao, mkono wake umefungwa shingoni. Jokia akasema hapana hata mmoja wao atakayevuka.

Unamjua Baba. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema Bekhan hufungua kinywa pale tu ng'ombe wanapomaliza yao. Alitoka ndani taratibu, ndevu za msiba, ambazo kwetu mwanaume hazinyoi, zimeanza kuota, akasimama mbele ya kaka yake.

"Kaka, aliyekufa ni mke wangu au wako?"

"Ni wako, lakini ukoo..."

"Basi na geti ni langu."

Akalifungua. Goderdzi alipiga magoti kwenye tope la theluji. Baba akamwinua kwa kwapa la upande mzima, akamwambia kwa sauti iliyosikika uani kote, "Inuka. Mke wangu hakukutoa chini ili ukae chini." Baada ya hapo wanawake wa koo zote mbili walikulilia kwa wimbo mmoja. Wazee walisema hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Jokia aliondoka kabla ya karamu, na hatujali.

Kisha wanakijiji wakaja na desturi zao za msiba. Tukae ndani mwaka mzima. Wasichana warudishwe makwao. Skii zako zikatolewa stoo ya shule, zikaegeshwa nje kama takataka. Wazazi watatu waliwatoa binti zao kikosini, wakasema wamejifunza kutokana na yaliyokupata. Nilikwenda nyumba hadi nyumba. Kwa mama mmoja niliambiwa, "Wewe huna hata aibu, kaburi la mama yako halijakauka." Nikamjibu kwamba huku kwetu kaburi halikauki, lina theluji, na kama ni kungoja likauke basi binti yake atakuwa bibi kizee. Alinifungia mlango. Wiki iliyofuata binti yake alikuja na skii za kaka yake begani.

Jokia alirudi, safari hii kwa Bibi Maro, maana alijua Bibi hakuwahi kuukubali mlima. "Mama, wewe ndiye mkubwa. Wakataze."

Bibi alikuwa akipepeta unga. Hakusimama.

"Mzekala nilimkataza tangu siku aliyoingia nyumba hii, akanishinda kila siku. Sasa amekufa ndiyo nimshinde? Sipigani na asiyeweza kunijibu. Toka, unanimwagia unga."

Ndivyo tulivyoendelea. Siku ya arobaini tulivaa nyeusi, tukavaa skii juu ya nyeusi hiyo, tukapanda. Goderdzi, bega lake lilipopona, alikuja getini, akauliza kama kikosi cha wasichana kinapokea mwanaume asiyejua kushuka kaskazini. Tsira alimwambia ataanza kwa kubeba kamba. Alizibeba majira yote. Januari hii wachungaji wawili walikwama ng'ambo ya njia ipitayo kati ya milima kwenye dhoruba, na kikosi chako kikawaleta chini wakiwa hai, vidole vyote vipo. Mmoja wao ni mkwe wa Jokia. Jokia hajasema asante. Amenyoa tu ndevu zake za msiba, akaanza kutusalimu.

Jana tulipanda kwa ajili yako. Bibi Maro alisema anakuja.

"Bibi, una miaka themanini na zaidi."

"Sijawaomba mnihesabie. Nimeomba sleji."

Tulimfunga kwa mablanketi juu ya sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza thelujini, na Goderdzi Barliani akamvuta, yeye aliyekuwa adui, huku Bibi akimpigia kelele njia nzima kwamba anavuta kama ng'ombe mgonjwa. Tulipofika mahali ulipofukiwa alitaka kusimama. Tukamshika huku na huku. Alimimina araki kwenye theluji, kidogo kwako, na iliyobaki akainywa mwenyewe. Kisha akainua fimbo yake kuuelekea mlima Mkhara, sisi tumesimama nyuma yake, wasichana wa Gulbani, wasichana wa Barliani na wa nyumba nyingine, wote na skii miguuni.

"Wewe!" alipaza sauti. "Ulichukua mmoja! Haya, hesabu sasa! Hesabu!"

Sauti yake ilikwenda mpaka kileleni, ikarudi. Tukageuza skii zetu kuelekea chini, tukashuka wote kwa upande wa kaskazini, na Bibi juu ya sleji akipiga mayowe, si ya woga.

Unakumbukwa na mumeo Bekhan Gulbani. Binti zako Eteri na Tsira. Mkweo Bibi Maro. Ndugu zako wa kuzaliwa. Wanafunzi wako wote. Kikosi chako cha uokoaji cha Lakhvari. Na Goderdzi Barliani pamoja na nyumba yake, ambao tangu mwaka jana ni watu wetu.

Kukukumbuka, Mama, tutakukumbuka daima. Kuogopa, ng'o.