Waziri wa Mpito, Ghorofa ya Kumi na Nne

Mpendwa Dada Anjela,

Nakuandikia nikiwa maktaba, kwenye vile viti vya bluu ulivyosema vinafanana na viti vya bunge la Uholanzi. Kwenye simu huwa nashindwa. Wewe unaongea haraka, unacheka, mapacha wananinyang'anya simu, na mimi nabaki na "sawa Dada, sawa Dada" mpaka unakata. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka ulivyoianzisha serikali yako ya hapa nyumbani? Mimi naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka Hague yenyewe. Tulipohama kutoka huko nilikuwa na miaka saba tu, na kilichobaki kichwani ni mvua, mkate wenye chembechembe za chokoleti, na wewe unavyoingia ndani siku shule yenu ilipowapeleka bungeni. Hata viatu hukuvua. Ulikuwa umemwona Waziri wa Mambo ya Jamii na Ajira amesimama mbele ya watu waliomkasirikia, anajibu swali moja moja bila kupandisha sauti. Ulimwambia Mama kwamba kazi ya yule waziri ni kuhakikisha mwenye nguvu anapata kazi na asiye na nguvu hafi njaa.

"Kumbe anafanya kazi yangu," Mama akasema, mkono uko kwenye beseni la vyombo.

Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Halafu tukaja Toronto. Mama akapata kazi ya kuwahudumia wazee kule Scarborough, Baba akaanza kuendesha lori la masafa marefu, na sisi tukabaki ghorofa ya kumi na nne hapa St. James Town, wewe na mimi na mapacha ambao walikuwa bado wanakula kwa kumwaga. Siku moja ukatukalisha kwenye zulia ukatangaza serikali. Nilikuuliza kwa nini usiwe waziri mkuu. Ukasema waziri mkuu yupo tayari, ni Mama, ila hana muda wa kuhudhuria vikao. Wewe ulitaka wizara moja tu, ile ya Mambo ya Jamii na Ajira.

Na kweli uliiendesha. Kila mmoja alipewa kazi kwa kadiri ya nguvu zake. Kulwa na Doto walioanisha soksi. Mimi niliosha vyombo, na nilipomaliza niliruhusiwa kusoma bila kusumbuliwa, na huo kwangu ulikuwa mshahara mkubwa. Aliyeumwa alipata posho ya ugonjwa, yaani biskuti na likizo ya vyombo. Kulwa akaanza kuumwa kila Alhamisi. Ukamtuma Doto akampime, Doto akarudi anatafuna, akasema mgonjwa ana hali mbaya sana. Ukasema hata Uholanzi mawaziri hawalali kwa sababu ya watu wa namna hii.

Jumapili baada ya kanisa kulikuwa na maswali kwa waziri. Mapacha waliuliza kwa Kiingereza, na wewe ulikataa kuwasikia mpaka wabadilishe.

"Mheshimiwa Waziri, kwa nini maharage tena?"

"Swali zuri, Mheshimiwa. Serikali inalifahamu tatizo hilo."

"Piza lini?"

"Suala la piza linafanyiwa kazi."

"Jiuzulu!" Kulwa alikuwa anapiga kelele, na Doto anagonga sufuria, na wewe unasimama pale pale na mwiko mkononi, uso mkavu, unangoja watulie ili ujibu swali linalofuata. Nilikuwa nakutazama nikijiambia kwamba mimi siwezi kusimama hivyo mbele ya watu, hata mbele ya hao wawili.

Usiku ulinisimulia habari za mawaziri wako kama wasichana wengine wanavyosimulia habari za wanamuziki. Tangu tuondoke Hague wamepita watatu kwenye wizara hiyo, na kwa maelezo yako hakuna aliyewahi kupendwa. Ndio waliosimama kuwaambia watu kwamba sasa watastaafu wakiwa wazee zaidi. Ndio waliosema msaada fulani utapunguzwa. Nilikuuliza unachowapendea ni nini hasa. Ukasema unawapenda kwa sababu habari mbaya wanaipeleka wenyewe, kwa mdomo wao, wala hawamtumi mtu.

Nimelifikiria sana jibu lako hilo mwaka huu.

Siku unaondoka kurudi Hague kusoma, pale uwanja wa ndege, Mama alikuwa analia na Baba anajifanya anasoma ubao wa safari. Ukanivuta pembeni. Ukanieleza jambo ambalo sikulijua: kwamba kule serikali ikianguka mawaziri hawaondoki. Wanaendelea kwenda ofisini, wanalipa kinachopaswa kulipwa, wanajibu barua, ila mambo mazito mapya hawayagusi. Wanayaacha yamsubiri atakayekuja.

"Wewe sasa ni waziri wa mpito," ukaniambia. "Mwaka mmoja tu, mdogo wangu. Usiamue kitu kikubwa, endesha nyumba, mimi narudi."

Nilijisikia mkubwa. Nilirudi nyumbani kwa treni nikiwa nimenyoosha mgongo.

Huu ni mwaka wa pili, Dada, na mgongo umeshainama. Sikuambii ili unionee huruma. Nakuambia kwa sababu hakuna mwingine anayeijua kazi hii. Nikitoka shule nawachukua mapacha, napika, nasimamia hesabu zao, nashusha nguo kwenye mashine za chini, na lifti ikiharibika nazipandisha kwa ngazi zikiwa bado na unyevu. Nasoma nimesimama, kitabu nimekiegemeza kwenye kopo la unga. Nikimaliza ukurasa sijui nilichosoma. Kazini kwa Mama wanamwongezea shifti kila wiki, na akirudi anakaa kwenye kiti cha mlangoni na koti lake, anasema, "Ngoja nipumzike kidogo nikusaidie," na anasinzia hapo hapo. Nani atamwamsha?

Kanisani wamama wananisifu. "Mama Anjela, huyu binti amekomaa! Huyu ukimpeleka kule kwetu nyumbani hakai wiki bila mchumba!" Mimi natabasamu, unanijua, siwezi kujibu watu wazima. Lakini huwa namtazama Mama wakati huo. Kila wanapomwita kwa jina lako anageuka haraka kidogo, kama vile huenda umesimama nyuma yake.

Na yale mambo mazito sijayagusa, kama ulivyoagiza. Kitanda chako kipo, kimetandikwa, na mapacha ambao sasa miguu yao inaning'inia wanabanana kwenye kochi la sebuleni. Mwanzoni mwa mwaka Mama alipata nyumba ya vyumba vitatu Agincourt, basi moja tu kutoka kazini kwake, ya mama mmoja wa Kiismailia aliyezaliwa Dodoma ambaye akisikia Kiswahili anapunguza masharti. Mama aliipenda mpaka akaanza kusema pazia gani litakaa wapi. Halafu akasema, "Tumsubiri Anjela. Kwanza tujue tuko wangapi." Yule mama akakubali kungoja.

Mwezi wa nne ukapiga simu. Uchaguzi wa kule ulikuwa umepita, na uliongea nusu saa nzima juu ya waziri wetu, chama chake kilivyopigwa vibaya, na jinsi ambavyo kesho yake asubuhi alikwenda ofisini kama kawaida kwa sababu serikali mpya haijapatikana. "Anafanya kama wewe," ukacheka. Halafu ukasema:

"Edina, mimi sirudi. Nimepata kazi ya kudumu. Huku nimeshakuwa mtu wa huku. Usimwambie Mama kwanza, nitamwambia mwenyewe. Nipe muda."

Nikasema sawa, Dada.

Sikukasirika kwamba unabaki. Niamini hapo. Ukizungumza ukiwa huko sauti yako inakuwa na hewa, inakuwa ile sauti ya siku ulipotoka bungeni na viatu vyako. Nani atataka kukunyang'anya hiyo? Kilichonilemea ni kile kipande kingine, "usimwambie Mama". Tangu siku hiyo kila alichokifanya Mama nilikiona mara mbili. Aliponiuliza kama bado unapenda maharage ya nazi. Alipowaambia mapacha wasikwaruze ukuta wa upande wako. Kiangazi chote watu walikuwa bustanini na mimi nilikuwa nahesabu maneno yangu kabla sijayatoa. Mwezi uliopita alirudi na koti la baridi amekununulia, la rangi ya zambarau, limeshushwa bei, akalitundika kabatini na kulifunga nailoni lisipate vumbi. Nilikwenda bafuni nikafungua maji.

Na yule waziri mpaka leo yuko ofisini. Najua kwa sababu huwa natafuta habari zake hapa maktaba, nusu nikisoma kwa Kiholanzi changu cha chekechea, nusu nikikisia. Wamejadiliana kiangazi chote, serikali mpya haijatoka. Kwenye picha moja amebeba mafaili, macho yamemwingia ndani. Nimemtazama sana mtu huyo, Dada. Nilitaka kujua kama na yeye kuna mtu alimwambia avumilie kidogo tu.

Sasa nikuambie la Jumamosi, maana ndilo lililoniketisha hapa.

Asubuhi yule mama wa Agincourt alipiga simu. Alisema kwa upole kwamba kuna familia nyingine inaitaka nyumba, na kwamba hawezi kungoja tena kupita mwezi huu. Mama alisema ahsante, akaweka simu, akaendelea kumenya ndizi. Mimi nilikuwa naosha sufuria.

"Huyo dada yako," akasema, "hajakutajia tarehe? Hata ya kukisia?"

Nilikuwa na majibu yangu ya siku zote. Kwamba una mitihani, kwamba una shughuli, kwamba utapiga. Nikafungua mdomo nikakuta yameisha.

"Mama, Dada harudi."

Sebuleni katuni zilikuwa zinapiga kelele. Mama alimaliza kumenya ndizi aliyoishika, akaikata, akaiweka kwenye maji.

"Amekuambia?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Mwezi wa nne."

Nilingoja anigombeze, au alie, au aseme jina lako. Alinitazama tu, kuanzia usoni mpaka kwenye mikono yenye povu, kama anavyowatazama wale wazee wake wa kazini akitafuta panapouma.

"Edina," akasema, "umechoka tangu lini?"

Nililia kama mtoto mdogo, Dada, mbele ya Kulwa na Doto waliokuja kuchungulia, na Doto akamuuliza mwenzake kwa Kiingereza kama kuna aliyekufa. Mama alinitoa sponji mkononi, akaniketisha, akamalizia sufuria mwenyewe. Halafu akampigia Baba, aliyekuwa amesimamisha lori mahali fulani Manitoba, akamwambia, "Tunaichukua nyumba. Tuko watano." Baba akauliza kuhusu wewe. Mama akasema, "Atatuambia mwenyewe. Lakini tunaichukua." Akanigeukia: "Na wewe unataka nini?" Ni siku nyingi hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikasema shuleni kuna klabu ya waandishi, Jumatano baada ya masomo, na mwalimu amenialika. Mama akasema Jumatano atawaomba wabadilishe shifti yake. Kama hawatakubali, mapacha wana mikono, watapaka mkate siagi.

Najua ulitaka kumwambia mwenyewe. Nimeichukua nafasi hiyo kutoka kwako, na lawama naibeba. Lakini nafasi nyingine ipo. Mama hakupigii. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Sitamkimbilia. Akiwa tayari atanitafuta." Na tangu Jumamosi anatembea na simu mfukoni hata anapokwenda kutupa takataka. Mpigie. Usitafute maneno mazuri, Mama hayahitaji. Hatakuuliza kwa nini unabaki. Nadhani atakuuliza unakula nini, na kama una koti la baridi.

Mimi sitakuwa katikati yenu tena. Sitampelekea salamu zako, wala kukutafsiri kwake. Ukiwa na habari za bunge nisimulie, bado nazipenda. Ukiwa na jambo lako na Mama, ongea na Mama.

Tunahama mwisho wa Oktoba. Chumba kimoja ni cha mapacha, kimoja cha Mama na Baba, kimoja changu. Ukija kutembea utalala kwangu, tutabanana, nami nitafurahi sana. Nakupenda, Dada. Jifunike vizuri, huko mvua imeanza.

Ukipiga, chagua siku yoyote uipendayo. Jumatano tu ndiyo sitakuwepo.

Mdogo wako,
Edina