Ninamtafsiria Pasta Maneno Ambayo Hakuyasema

Mama Emiliana mpendwa, nakuomba unisaidie, na uniwie radhi kama barua itakuwa ndefu, maana jambo hili nimelibeba peke yangu miezi minane na nimechoka, nimechoka hata kuliombea, jana nilisimama na gari kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale Rosettenville, taa ikawa kijani, ikarudi nyekundu, na mimi bado nipo palepale, mpaka wa nyuma wakaanza kunipigia honi.

Nina miaka ishirini na minane, naishi La Rochelle na mama yangu na mdogo wangu wa kike, Orpha, ambaye ana miaka kumi na mitano. Sisi ni watu wa Bukavu, ila shule ya msingi nilisoma Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu ni hiki. Orpha amezaliwa hapahapa Johannesburg, na Kiswahili anachokielewa ni cha kuambiwa aoshe vyombo tu, mengine yote kwake ni Kiingereza na Kizulu. Kanisani kwetu Pasta Gaston anahubiri kwa Kiswahili, na mimi nasimama kando yake na kipaza sauti cha pili, yeye sentensi moja, mimi sentensi moja kwa Kiingereza, kwa ajili ya watoto waliozaliwa huku na wenyeji wachache waliooana na watu wetu. Nimeifanya kazi hiyo miaka sita.

Baba yangu, Alexis, alikuwa fundi cherehani, na alikuwa Mkatoliki mpaka siku ya mwisho. Kila Jumapili aliwahi misa ya saa kumi na mbili na nusu kule Turffontein, akarudi kutuchukua, akatuleta kwenye kanisa la mama, kisha yeye akakaa nje ndani ya gari na redio yake mpaka tumalize. Pasta alikuwa akimgongea kioo.

"Mzee Alexis, ingia basi! Viti viko."

Baba anashusha kioo kidogo tu. "Aksanti, pasta. Mie nimeshasali. Nalinda gari."

Wanacheka wote wawili, na Jumapili ijayo ni hivyohivyo tena. Baba alipofariki, kina mama wa kanisa hilo ndio waliokaa na mama siku zote za kilio, wakapika, wakafua, wakalala chini kwenye mikeka pamoja naye.

Wiki tatu baada ya mazishi pasta akaanza mafundisho juu ya ubatizo. Alisema aliyemwagiwa maji kichwani akiwa mtoto hajabatizwa, na aliyekufa bila kuzamishwa akiwa na akili zake amepotea, hata angekuwa mwema namna gani. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi, na Orpha yuko safu ya tatu ananitazama, maana watoto hunitazama mimi, si pasta, na nikasikia mdomo wangu unasema kwa Kiingereza kwamba Mungu hapimi wingi wa maji, na waliokufa wakimpenda wako mikononi mwake. Nilidhani itakuwa mara moja. Sikuacha. Akisema moto, nasema huzuni. Akisema wamepotea, nasema tuwaombee. Kiingereza cha pasta ni cha sokoni, na akishapandisha sauti hasikilizi mtu. Vijana wawili wanaojua lugha zote mbili hunitazama kisha wakainamisha vichwa. Nomsa, ambaye mume wake ni wa kwetu, aliniambia, "Eish, dada, pasta wenu ana moyo laini, yule wetu wa Soweto alikuwa anatufokea tu." Nikacheka naye, halafu nikaenda kujifungia chooni.

Mafundisho hayo siyaamini, Mama, nimesoma, nimejaribu, siyaamini. Nimekuwa nikitafuta kanisa lingine kimyakimya, nimeingia saba. Moja wanaimba vizuri lakini mhubiri anawaita mbele wenye magari mapya ili tuwashangilie, lingine hakuna aliyenisalimia kuanzia mlangoni hadi mlangoni, lingine mchungaji alifanya utani juu ya wanawake waliosoma, na nikirudi nyumbani kazi yangu ni kuchambua kasoro tu. Kwenye parokia ya baba nilikaa nyuma kabisa na sikuweza kumaliza, kila mgongo wa mzee niliouona ulikuwa wake.

Sasa Jumapili iliyopita, tukitoka, pasta akiwa mlangoni anashika watu mikono, Orpha alimshika mkono wake kwa mikono miwili akamwambia kwa Kiingereza chepesi kabisa, "Asante, pasta, kwa yote unayosema kuhusu watu kama baba yangu. Kwamba Mungu hapimi maji." Hicho pasta alikielewa. Alimgusa tu kichwa, kisha akanitazama mimi juu ya kichwa chake.

Jumanne akaniita. Hakugomba, angegomba ningepata nafuu.

"Binti yangu, hayo nilisema siku gani?"

Hakungoja nijibu, akaendelea.

"Miezi hii yote nahubiri, kumbe kuna kanisa lingine ndani ya kanisa langu." Akasema Jumapili hii atarudia somo lilelile, nami nitalitafsiri neno kwa neno, au atampa kipaza sauti mtu mwingine. Kwa hiyo iwe mimi, iwe mwingine, Orpha atasikia kwamba baba amepotea, naye ameshaandikisha jina abatizwe mwezi ujao, kwa sababu anampenda huyo Mungu niliyemtengeneza mimi.

Mama yangu nimemweleza. Alikuwa anachambua sombe, kisamvu chetu, hakuinua hata macho. "Pasta anasema yake. Mie najua bwana yangu. Lakini bale bamama ndio balinikalia siku ya kilio, ntabaacha namna gani?"

Mama Emiliana, nitafsiri uongo tena, au nitafsiri ukweli, au nihame? Na kama ni kuhama, kanisa langu liko wapi?

Ni mimi mkalimani,
La Rochelle.

MAMA EMILIANA ANAJIBU

Pole, mwanangu. Nakupa pole ya msiba kwanza, kwa sababu katika barua ndefu namna hii baba yako umemlilia mstari mmoja tu, ule wa parokia.

Sasa nikugombeze. Unasema hukubaliani na pasta. Nani alikuwa anajua? Miezi minane umebishana naye kwa kinywa chake mwenyewe, ukilindwa na jina lake. Yeye naye kakosa, na kosa lake si dogo: mtu aliyecheka na Alexis kwenye kioo cha gari miaka yote hiyo hakupaswa kusimama mbele ya mjane wake, udongo haujakauka, na kutangaza mahali alipo marehemu. Hilo lilihitaji kusemwa, na aliyepaswa kulisema ni wewe, kwa sauti yako, mkiwa wawili. Badala yake ukamwachia Nomsa kanisa lisilokuwepo, na ukamwachia Orpha kubwa zaidi. Mtoto ameandikisha jina kubatizwa na mhubiri ambaye hajawahi kumsikia. Aliyemsikia ni wewe.

Kwa hiyo Orpha ndiye wa kwanza, na ni leo, usingoje Jumamosi. Mkalishe jikoni, mwambie kwa lugha yake kwamba yale maneno yalikuwa yako, na umwambie pasta alisema nini hasa. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha atakuuliza kama baba amepotea. Hapo usijifiche nyuma ya pasta, wala usijifiche nyuma ya Mungu. Sema, "Mimi dada yako naamini hivi," umalizie. Jina lake kwenye ile orodha libaki au lifutwe, ataamua mwenyewe akishajua anaingia wapi.

Kesho nenda kwa pasta ukamrudishie kipaza sauti. Usimtumie ujumbe wa simu, nenda. Mwombe radhi kwa kuyageuza mahubiri yake, mshukuru kwa kina mama waliolala kwenye mikeka, kisha umwambie yale mafundisho huyaamini na yalikuumiza. Kudai atafsiriwe neno kwa neno ni haki yake. Kukutaka wewe ndiye uyatamke hayo mbele ya mdogo wako si haki yake, na kukataa unaweza. Ukitoka hapo mpigie Nomsa.

Mama yako mwache alipo. Umesoma vizuri lakini yeye hukumsikia. Anayasikia mahubiri hayo kwa lugha yake mwenyewe kila wiki, hana mtu wa kumlainishia, na bado anamjua bwana yake.

Kuhusu kanisa: nilipotoka Morogoro na mume wangu Sipho, wapigania uhuru wenzake waliporudi kwao Afrika Kusini kutoka uhamishoni, nilizunguka Soweto mwaka mzima nikitafuta kanisa la Morogoro. Halikuwepo, na nilikuwa mgonjwa wa kulitafuta. Wewe umeingia makanisa saba kama mtu anayekagua chumba cha kupanga, unaona ukuta una unyevu, unageuka. Chagua moja ukae miezi mitatu. Usishike kazi yoyote humo, hata wakikuomba. Mwombe kiongozi wake dakika kumi, umuulize anafundisha nini juu ya mtu kama baba yako, na ulisikilize jibu bila kulirekebisha.

Mimi ni Mlutheri, sina faida na parokia ya mtu. Lakini katika yote saba, Turffontein ndipo mahali pekee ambapo hukukagua kitu. Anzia hapo.

Jumapili hii amka mapema, uwahi ile misa ya saa kumi na mbili na nusu, na Orpha akitaka aje. Kaa mpaka mwisho, hata kama utalia mpaka mwisho. Kisha rudi nyumbani umchukue mama yako, umpeleke kwa wenzake, uegeshe gari pale lilipokuwa likiegeshwa, uwashe redio. Pasta Gaston akija kugonga kioo, kishushe kidogo. Jibu la baba yako unalijua, na safari hii kinywani mwako litakuwa la kweli: umeshasali, unalinda gari.