Mtu wa Nyumba Yetu Mferejini

Weston, Toronto

Mama yangu mpendwa,

Ka-ka-ka-ka-ka. Wiki tatu zimepita tangu nirudi kutoka Ufaransa, na bado naisikia sauti hiyo nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini. Ni meno ya chuma yanayopandana mtu anapozungusha hendeli juu ya lango la maji. Haifanani na kitu chochote cha nyumbani. Inakatika ghafla, panakuwa kimya kidogo, ndipo maji yanaanza kunguruma chini ya miguu yako.

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa zahanati unaitumia, au umeipanga kabatini pamoja na zile nyingine? Ng'ombe amezaa? Mimi ni mzima kabisa, nakula vizuri, kanisani naenda. Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu kila ninachosema unanijibu "sawa mwanangu", hata kabla sijamaliza. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho.

Unamkumbuka Furaha, yule Mkongo anayekaa ghorofa ya chini yangu, anayekuita "mama mukubwa"? Dada yake aliolewa Lyon, naye Furaha akaniomba nimsindikize harusini. Baada ya harusi tulibaki na wiki nzima. Tukapanda treni hadi mashambani, sehemu za Burgundi, tukakodi baiskeli, tukaufuata mfereji.

Nasema mfereji, lakini usifikirie wa kwetu. Huu ni mpana kama barabara ya lami, na maji yake hayana haraka hata kidogo. Yametulia, ya kijani, na miti mirefu imepangwa kando zote mbili kama watu wanaosubiri msafara. Pembeni kuna njia ambayo zamani farasi walipita wakivuta mashua za kuni na mvinyo. Sasa tunapita sisi, na kofia zetu za plastiki. Siku ya kwanza tuliendesha mpaka jua likaanza kushuka. Furaha akaitupa baiskeli kwenye majani akasema, "Anande, makalio yangu inalia. Omba Mungu alete teksi."

Tuliona mengi. Ng'ombe weupe wakubwa wasiofungwa kamba. Vijiji ambako ikifika saa sita mchana kila mlango unafungwa, hata wa duka la mikate, na mgeni mwenye njaa shauri yake. Siku moja tulikodi mtumbwi mdogo tukapiga makasia kwenye mto ulio jirani, nikalowa mpaka shingoni na sikujali. Siku nyingine tulitembea msituni hadi mahali mfereji unapoingia ndani ya kilima. Watu walichimba tundu refu humo kwa mikono, na ukiinama unaona mwanga wa upande wa pili, mdogo kama kifungo cha shati. Nilisimama pale muda mrefu. Furaha alimaliza machungwa yote.

Ila kilichonishika zaidi ni jinsi mashua zinavyopanda mlima. Kila penye mteremko wamejenga chumba cha mawe chenye milango mikubwa juu na chini. Mashua inaingia, mlango wa chini unafungwa nyuma yake, maji yanaletwa kutoka juu, chumba kinajaa, mashua inainuka pamoja na maji, kisha mlango wa juu unafunguliwa inaendelea na safari. Penye kilima kikali vyumba hivyo vinafuatana kama ngazi, na bawabu anakaa kwenye nyumba ndogo pembeni.

Kwenye ngazi moja bawabu alikuwa mwanamke, Madame Odile, umri kama wako, viatu vya mpira, sigara mdomoni. Mashua ya wazee wawili wa Kiholanzi ilikuwa imeshaingia chumbani. Nilimwomba kupitia Furaha nami nijaribu. Akanipa hendeli moja, akavuka upande wa pili kufungua maji ya juu, akanipungia mkono kwamba nami nifungue. Hakusema wapi, maana hakufikiri kuna mtu wa kukosea. Nami nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chini, nikazungusha kwa nguvu zangu zote.

Wewe unajua kwa nini. Kwetu hufungui bwawa kabla hujafungua njia ya chini. Ukianza juu, maji yanapasua kingo na kuingia kwenye maharage ya jirani. Basi maji yakawa yanaingia juu na kutoka chini, mashua ikabaki palepale ikitikisika, na mmoja wa wale wazee wa Kiholanzi ameinua kikombe chake cha kahawa kama anatubariki. Madame Odile akaja mbio akipiga kelele.

"Anauliza ni nani alikufundisha hii kazi," Furaha akatafsiri huku amejishika mbavu.

"Mwambie baba yangu."

"Anasema, baba yako alikuwa bawabu wa wapi?"

"Wa Kilimanjaro."

Madame akafunga lango mwenyewe, akanitazama, akaanza kucheka mpaka sigara ikaanguka majini. "Anasema kwenu munaongoza maji," Furaha akasema. "Huku wanayafungia ndani kwanza."

Mashua ilipokwisha kupanda alitukaribisha kahawa. Nikajikuta namweleza mtu nisiyemjua lile jambo ambalo nilishindwa kukujibu wewe: kwamba tangu baba afariki akatuacha wanawake watupu, nyumba yetu haitoi mtu siku za kusafisha mfereji, kwamba kikao cha mfereji kimesema nyumba isiyotoa mwanamume haina zamu ya maji, kwamba baba mdogo Eliakimu amejitolea kusimama badala yetu, mradi zamu yetu ya Jumatano iandikwe kwa jina lake. Uliponiuliza umjibuje nilisema nitafikiri. Nilikuwa naogopa tu. Bila Jumatano migomba yako haivuki kiangazi, na wewe ungesema "sawa" kwake pia.

Madame alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mume wake ndiye aliyekuwa bawabu. Alipofariki, ofisi ilimtuma mwanamume kutoka mjini ashike nafasi. "Alifika asubuhi akanikuta na hendeli mkononi, mashua iko nusu," alisema. "Angefanya nini? Alisubiri."

"Na kesho yake?" nikauliza.

"Kesho yake kulikuwa na mashua nyingine."

Mama, najua utaniambia kwa mila wanawake hawapiti lile jiwe kubwa kwenda juu kwenye banio, kule maji yanakochepushwa kutoka mtoni. Nina jambo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa darasa la tano, baba alivimba mguu, na zamu ilikuwa yetu. Alinivalisha kofia yake na koti lake, akanituma alfajiri peke yangu. Nilipita jiwe. Nilipanga mawe, nikakandika udongo na magome ya migomba kama alivyonionyesha bwawani, na maji yakaja. Ulipotoka na ndoo ulisema, "Leo baba yenu kaamka mapema." Yeye alikuwa kitandani nyuma yako. Alinikonyeza, na hatukulizungumza tena mpaka anafariki. Nimesomea maji chuo kikuu, na hapa ofisini Don Mills nachora mabomba ya mvua ya mitaa mizima, lakini kazi ya kwanza niliyoiweza ni ile.

Msalimie bibi, mwambie picha ya ng'ombe weupe inakuja. Msalimie mdogo wangu Neema na mume wake. Msalimie shangazi wa kwaya. Na baba mdogo Eliakimu mpe shikamoo yangu kwa heshima zote. Sina ugomvi naye, ni ndugu wa baba.

Mwenyekiti wa mfereji nilimwandikia wiki ileile niliyorudi, kwa hiyo barua niliyompelekea imeitangulia hii. Nimemwambia siku ya kusafisha nyumba yetu itatoa mtu, na mtu huyo ni mimi. Sikumwomba ruhusa, nimemtaarifu. Likizo nimepewa, tiketi ninayo, nitafika siku nne kabla. Usafi unaofuata, kabla ya vuli, utasimama wewe kwa miguu yako, na nitakuonyesha kila kitu. Wakitaka kukataa, watanikuta nimeshaingia majini.

Jembe la baba liko nyuma ya mlango wa stoo. Mpini umelegea. Liloweke kwenye ndoo mti uvimbe ukaze, na usimwazime mtu.

Mtu wa nyumba yako,
Anande