Anachukiza Huyu

Jumatatu, 5 Agosti

Tumbo limekua ghafla. Viatu havinienei tena. Mama Khampan, mama mkwe wangu, alinitangulia kwenye shamba la matunda ya malongani akiringa kana kwamba amelibeba yeye. Wachumaji wakashuka ngazini, kila mmoja na tusi lake, ndiyo adabu.

"Linachukiza hilo!"

"Baya, sijaona!"

Kibarua mmoja mgeni akaropoka, "Jamani, mtoto mzuri huyo!" Mama alimkata jicho! Mizimu ikisikia mtoto anasifiwa, inamtaka. Akatema mate, akapaza sauti: "Mzuri wapi! Sura ya chura." Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Jumatano, 7 Agosti

Kliniki. Kwenye skrini ya ultrasaundi mtoto ana mashavu, ana kitambi! Mama akapiga makofi: "Mnono! Anachukiza huyu mjukuu wangu."

Daktari Wilai hakucheka. Alikirudisha kile kifaa palepale, tena na tena. Halafu akasema taratibu kwamba si unono. Ni maji. Tumboni mwake, kuzunguka moyo, chini ya ngozi. Yale mashavu – maji.

Naogopa. Sijui niandike nini kingine.

Alhamisi, 8 Agosti

Daktari anasema damu ya mtoto ni nyepesi mno, moyo unahangaika, ndiyo maana maji yanajaa. Sababu huenda ni moja kati ya mbili. Labda nimeambukizwa kirusi – basi ataongezewa damu humuhumu tumboni, na wengi hupona. Au ni ugonjwa wa damu wa kurithi, mimi na mume wangu Singkham tumempa kasoro ileile wote wawili. Hapo hakuna wa kupona. Nami nikiendelea kumbeba, presha inaweza kuniua.

Kasoro yangu ilijulikana tangu mwanzo wa mimba. Waliniambia nije na mume wangu apimwe. Singkham alisema msimu wa mavuno haungoji, halafu damu ya baba yake haijawahi kuugua.

Leo ametoa damu. Njia nzima hakunitazama. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia anishike mkono.

Jumatatu, 12 Agosti

Leo kwetu ni Siku ya Mama. Singkham alimpigia mama yake magoti, akampa shada la asmini. Halafu akatoa la pili, akaniwekea mapajani, akatoka nje mbio.

Uso wangu umevimba. Nikijitazama kwenye kioo naona mashavu yale ya kwenye skrini.

Mtoto anacheza kidogo tu. Mama anamtukana kutwa, asubuhi mpaka usiku: chura, nguruwe, kisiki cha kuungua. Sauti inamkauka, haachi.

Jumanne, 13 Agosti

Sindano kupitia tumboni, hadi kwenye kamba ya kitovu cha mtoto. Nilifumba macho. Daktari alisema damu iliyotoka ni ya maji maji. Ndani yake wanatafuta ile kasoro.

Kirusi. Iwe kirusi! Sijawahi kuomba ugonjwa maishani mwangu.

Ijumaa, 16 Agosti

Benchini, hospitali. Majibu yote yapo kwa Daktari Wilai, ya mtoto na ya Singkham. Naandika ili nisiutazame mlango.

Nilikuwa napimwa presha. Imepanda. Niliporudi nikamwona Mama akitoka chumbani kwa daktari – kaingia kufanya nini peke yake? Nikamuuliza. Kasema, "Nimemsalimia tu, mwanangu." Singkham kageukia ukutani.

Sasa Mama kapiga magoti hapa chini, mbele za watu wote, mkono wake juu ya tumbo langu. Hatemi mate. Haangalii huku na huku.

"Mzuri," anasema. Kwa sauti! "Mjukuu wangu ni mzuri. Mzuri kupita watoto wote."

Mama, nyamaza, mizimu itasikia! Mtukane! Nimeshika kichwa chake kwa mkono mmoja, namwambia sema chura, sema nguruwe, sema lolote. Hanisikii. Anasema mzuri, mzuri, na kumpapasa.

Mlango umefunguliwa. Wanatuita –